Ulezi au mtama: upi wa uji, upi wa ugali?

Hapa Tabora, jikoni kwangu, mtama ni wa ugali na ulezi ni wa uji. Nikigeuza, watoto wananuna.

Ugali wa mtama unapendeza na mlenda wa karanga, au samaki aina ya migebuka kutoka Kigoma. Ule ukiwa wa moto tu, ukipoa ni tofali.

Ulezi unaushinda kwa kalsiamu: takriban miligramu 340 kwa gramu 100, wakati mtama haufiki hata 50. Ila ulezi una mchanga! Upepete, uoshe maji matatu, uanike, ndipo usage. Unga ukoroge kwanza kwa maji baridi, usifanye madonge.

Chapati? Nafaka zote mbili hazina gluteni (protini inayofanya unga wa ngano uvutike), zitapasuka. Changanya na ngano nusu kwa nusu.