iMac ya 2011 kama kioo cha pili: mashine haina neno, aliyeniuzia waya ndiye mwenye neno

Kwenye kichwa cha waya wa Thunderbolt, ule unaopitisha data na picha, pamechorwa radi ndogo. Kwenye kichwa cha waya wa Mini DisplayPort, ule wa kupitisha picha kwenda kwenye kioo, pamechorwa kijisanduku chenye mstari kila upande. Viweke vichwa hivyo viwili kiganjani, ziba michoro kwa kidole gumba, halafu uniambie kipi ni kipi. Huwezi. Upana ni uleule, pembe zimekatwa vilevile, na vyote viwili vinaingia kwenye tundu lilelile bila kusukumwa. Mimi si muuza nyaya, sikuwa na sababu ya kuyajua hayo. Mtu anayeshinda amezungukwa na nyaya kuanzia asubuhi hadi anapofunga mlango alikuwa na kila sababu. Sasa ama hakujua, ama alijua akanyamaza, na mpaka leo sijaamua lipi lina nafuu.

Habari yenyewe ni hii. Nina iMac, ile kompyuta ya mezani ya Apple iliyojengwa ndani ya kioo chake, ya inchi 27, toleo la katikati ya 2011. Kwa kazi za siku hizi imechoka, lakini kioo chake hakijachoka hata kidogo. Mimi hupanga kurasa za vitabu, na mtu wa kazi hii akibaki na kioo cha laptopu peke yake hushinda akifungua dirisha hili na kufunga lile: maandishi ya mhariri huku, ukurasa kule, na ukirudi umeshasahau ulikuwa unasahihisha mstari upi. Kununua monita mpya huku kioo cha pikseli 2560 kwa 1440 kimekaa pembeni kinakula vumbi niliona ni ufujaji.

Kabla hujakimbilia kompyuta yako ya zamani, jua kwamba nyingi haziwezi kazi hii. Utaambiwa, "Chukua tu waya wa HDMI, chomeka huku na huku." Tundu la HDMI kwenye kompyuta karibu zote ni la kutoa picha, si la kupokea. Ukiunganisha mbili kwa waya huo ni sawa na watu wawili wanaongea kwenye simu na hakuna anayesikiliza. Ila iMac kadhaa zilijaliwa. Kuanzia ile ya inchi 27 ya mwishoni mwa 2009, Apple waliweka uwezo wanaouita Target Display Mode: unaunganisha Mac nyingine, unabonyeza Command na F2 kwenye kibodi ya iMac, nayo inaacha mambo yake na kuonyesha ya mwenzake. Zile za inchi 27 za 2009 na 2010 hupokea kwa Mini DisplayPort. Za kuanzia 2011 hadi katikati ya 2014 zinataka Thunderbolt: tundu la Thunderbolt pande zote mbili, na waya wa Thunderbolt katikati. Ilipoingia iMac ya 5K, yenye kioo cha pikseli nyingi zaidi, mwishoni mwa 2014, uwezo huo ukatolewa na haujarudi. Yaani hapa mwenye mashine mpya ndiye maskini, jambo ambalo nakiri lilinifurahisha.

Haya yote niliyasoma kabla sijatoka nyumbani. Ndiyo maana bado nina hasira.

Sikuingia dukani nikasema, "Nipe waya wa Mac." Nilimweleza yule kijana pole pole: iMac ni ya 2011, nataka ipokee picha kutoka kwenye laptopu, laptopu ina Thunderbolt 2, naomba waya wa Thunderbolt. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akachomoa kimfuko ukutani, akakiweka mezani. Nikamuuliza, "Kaka, una uhakika huu ni Thunderbolt?"

"Dada, waya ni waya. Ukiingia umeingia."

Na kweli, uliingia. Uliingia vizuri mno. Nikabonyeza Command na F2, kimya. Nikajaribu na Fn juu yake, maana kuna mipangilio ya kibodi ambapo F2 pekee huongeza tu mwanga wa kioo. Mwanga hata haukuongezeka. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna kioo kuzima na kuwaka, hakuna dalili yoyote kwamba mashine moja inaijua nyingine. Picha ya ziwa niliyoiweka kwenye iMac miaka hiyo ikabaki inaniangalia. Nikazima zote, nikawasha zote. Nikageuza waya, cha huku kikaenda kule, ingawa hata mimi nilijua hapo nimeanza kuomba dua tu.

Ubaya wa waya usio wake ni kwamba hausemi. Tundu la Thunderbolt likitakiwa kutoa picha kwenda kwenye monita ya kawaida, linatoa DisplayPort bila shida, na ndiyo maana waya ule unaonekana mzima ukiujaribu kwingine. Lakini iMac ya 2011 inapokuwa mpokeaji, hiyo DisplayPort tupu haiitaki. Inasubiri Thunderbolt. Wewe umekaa katikati unaanza kushuku kibodi, unashuku mfumo, unashuku tundu limekufa, mwisho unashuku akili yako.

Nikarudi dukani. Hapo ndipo nilipoharibikiwa siku.

Alikuwa na wateja wengine, simu mkono mmoja. Nikamwambia kwa adabu kwamba waya haufanyi kazi. Hakuuliza umefanyaje, hakuangalia mfuko. Alichukua kichwa cha waya, akakichomeka kwenye laptopu iliyokuwa mezani kwake, akanitazama. "Si umeingia?"

"Umeingia, lakini kioo hakionyeshi."

"Basi tatizo si waya." Akawageukia wale wengine: "Huyu dada anataka kompyuta iwe televisheni." Wakacheka. Mmoja alicheka sana, kama aliyelipwa. Halafu yule kijana akaniambia mashine ya 2011 ni ya kuwapelekea wanaonunua chuma chakavu, na kama kweli nataka kioo cha pili, ana adapta ya HDMI, nichukue hiyo "itakubali tu". Adapta ya HDMI! Ambayo ingetoa picha kutoka kwenye iMac kwenda kwingine, kinyume kabisa na nilichoomba. Yaani ameshaniuzia kitu kisichofaa, na dawa yake ni kuniuzia kingine kisichofaa zaidi. Nikaomba arudishe pesa. Mzigo ukifunguliwa haurudi, akasema, na akarudi kwenye simu yake.

Mimi si mtu wa kugombana hadharani. Nilitoka. Ila njia nzima nilikuwa najibu maneno ambayo ningemjibu, na mengine bado nayajibu nikiwa naosha vyombo.

Nilichofanya baada ya hapo, kwa hasira tu, ni kujaribu njia ya hewa. Zipo programu zinazobeba kioo cha pili kupitia Wi-Fi, na kwa mwenye kompyuta za Windows hiyo ndiyo njia ya kawaida: Windows 10 na 11 zina sehemu ya kuruhusu kompyuta ipokee picha ya nyingine, ukishaongeza kipengele chake kwenye mipangilio. Kwa upande wa Mac, uwezo wa kupokea picha kwa AirPlay, njia ya Apple ya kurusha picha bila waya, ulikuja na mfumo wa Monterey mwaka 2021, nao unataka iMac ya 2019 au mpya zaidi, kwa hiyo yangu haimo. Programu niliyoipata ilifanya kazi kwa namna yake: kishale kilikuwa kinanifuata nyuma, herufi zina ukungu. Kwa kuweka barua pepe pembeni inatosha. Kwa mtu anayesogeza mstari kwa nusu milimita ni mateso.

Aliyenitoa gizani ni mhariri ninayefanya naye kazi. Nilimpelekea waya ule ili anisaidie kulaani tu, si kwa tumaini lolote. Akaushika, akausogeza karibu na taa ya meza, akageuza kichwa chake kwa vidole viwili, akasema, "Dada, radi iko wapi?" Hakuna radi. Kijisanduku. Akafungua droo, akatoa waya mweupe mfupi wenye radi kila mwisho, akanipa.

Sasa sikia raha. Nilichomeka, nikabonyeza Command na F2, kioo kikawa cheusi kidogo, halafu picha ya laptopu yangu ikamwagika pale, yote, kwa upana ule. Nilipiga kigelegele peke yangu chumbani. Hakuna kuchelewa hata chembe. Herufi zimesimama wima. Nilifungua kurasa mbili zinazotazamana kwa ukubwa wake halisi na bado pakabaki nafasi ya maandishi pembeni. Nikaingia kwenye mipangilio ya sauti ya laptopu, nikachagua iMac, na spika zake zikaitikia. Kwa siku kadhaa kila aliyekuja nilimwonyesha, akitaka asitake. Wakati huo ungeniuliza ningekwambia hakuna monita inayoifikia, na ningekuambia kwa sauti kubwa.

Nimepoa kidogo sasa. Yapo yanayoudhi. iMac haigeuki monita hivihivi. Inabaki kompyuta iliyowaka, na mfumo wake unaendelea chini kwa chini. Inakula umeme kuliko monita yoyote ya ukubwa wake, mgongo wake unapata joto, na chumba kikitulia feni unaisikia. Kibodi yake huwezi kuiweka kabatini maana ndiyo ya kuwashia hali hii na kupunguzia mwanga, lakini huwezi kuandikia nayo kwenye laptopu. Laptopu ikisinzia tu, picha inaondoka na ziwa langu linarudi, ubonyeze upya. Ukitoka kwenda kunywa maji ukakutana na mtu wa maneno mengi, ukirudi unaanza tena.

Kubwa kuliko hayo ni mifumo. Sharti la Apple ni kwamba iMac inayopokea iwe na mfumo wa High Sierra au wa kabla yake, na Mac inayotuma iwe iliyotolewa 2019 au kabla, ikiwa na mfumo wa Catalina au wa kabla yake. Kwa iMac yangu si shida, Apple wenyewe waliishia kuipa High Sierra. Shida ni laptopu. Kila mara inanikumbusha kusasisha mfumo, kila mara nabonyeza baadaye. Natumia mfumo wa zamani ili kioo cha zamani kiendelee kunipenda, na ninajua si busara kwa kompyuta inayoingia kwenye intaneti kila siku. Nikifikiria hilo, natamani kukushauri ununue tu monita uwe na amani. Halafu nafungua kurasa mbili pale, nasahau.

Kama tayari unayo iMac ya kati ya 2011 na katikati ya 2014 na Mac ya enzi zake, jaribu, utafurahi. Kama huna, usiinunue kwa ajili ya hili. Na ukienda kununua waya, usiulize mtu. Shika mwenyewe, tafuta radi kwenye vichwa vyote viwili, ukiona kijisanduku rudisha ukutani.

Kuhusu yule kijana, kuna usiku nilijaribu kumtetea. Nikasema labda kweli ameshawauzia waya ule wengi wenye iMac za 2009 na 2010, ukawafanyia kazi, akaamini zote ni hivyohivyo. Inawezekana kabisa. Ningemsamehe kwa moyo mweupe angeishia kwenye kutojua. Lakini nilimtajia mwaka. Nilimtajia jina la waya. Nilimuuliza kama ana uhakika. Na kile kicheko cha televisheni hakihusiani na iMac za 2009.

Tatizo langu la sasa ni kwamba waya niliopewa ni wa nusu mita. Nyaya hizi Apple waliziuza za nusu mita na za mita mbili, na huu mfupi unanilazimisha kuisukuma laptopu hadi nyuma ya bega la iMac, tundu liko mgongoni, waya umekazika, shingo yangu imegeukia kushoto siku nzima. Wa mita mbili nauhitaji kweli. Juzi yule kijana amenitumia ujumbe, namba yangu aliichukua siku ile ya kwanza: "Dada habari, zimeingia zile za radi, ndefu, pitia nikuwekee." Za radi! Kwa hiyo sasa anazijua.

Ujumbe nimeusoma. Anaona nimeusoma. Shingo inauma, na sijamjibu.