Uzoefu wangu: mafunzo ya uigizaji Kirumba, walitutoa machozi wakatuacha hivyo hivyo

Nilihudhuria mafunzo ya uigizaji kwa mwili hapa Mwanza, kwenye ukumbi mmoja wa Kirumba, kabla mvua hazijaanza. Ada nililipa yote. Feni mbovu na chai iliyopoa nayaacha, shida yangu ni jioni moja tu.

Mwalimu alitupa zoezi la huzuni. Hakuna kukumbuka msiba, ni mwili tu: legeza mabega, shusha kidevu, vuta pumzi kwa pua vipande vipande kama mtoto aliyechapwa, kisha iachie yote kwa mpigo. Dakika kumi hazijafika, machozi yakanitoka na sina ninachokililia. Niliogopa, lakini nilifurahi pia, maana miaka yote nikitakiwa kulia jukwaani nilikuwa naficha kitunguu kwenye khanga.

Mara simu yake ikaita. Akatoka, akarudi kuchukua begi. "Tuishie hapo, kesho saa tisa." Watu kumi na wawili tumejikunja sakafuni tunalia!

Zoezi lenyewe wala si lake. Ni la Susana Bloch, mtafiti wa mfumo wa fahamu kutoka Chile, aliyeanza kulichunguza jambo hili miaka ya 1970, na yeye aliliwekea mlango wa kutokea: pumzi ndefu za taratibu, angalau tatu, unajipangusa uso kwa viganja, unabadilisha mkao kabisa. Dakika mbili hazifiki. Kama hujui kumtoa mtu, usimwingize!

Kwenye daladala ya Igoma mkono ulinitetemeka kwenye bomba mpaka konda akaniona. Akanirudishia nauli, akanikunjia vidole juu yake. "Kaa nayo dada, pole na msiba." Nilishindwa kumwambia hakuna aliyekufa. Usiku ule hata ugali sikuweza kusonga.

Kesho yake nikamweleza mwalimu. Akanijibu mbele ya wenzangu: "Anayeogopa machozi akauze dagaa Mwaloni." Mama yangu ameuza dagaa kwenye soko hilo la Mwaloni tangu nikiwa mgongoni. Dagaa hao ndio walionisomesha.

Aliyenitoa ni mzee jirani yetu, mchezaji wa bugobogobo, ngoma ya Wasukuma inayochezwa na majembe. Hakuniuliza kitu. "Mwanangu, shika jembe." Tukainua, tukazungusha, miguu ikifuata ngoma, mpaka jasho likanitiririka na kifua kikafunguka, nikasikia njaa kwa mara ya kwanza tangu juzi yake.

Kwa hiyo msiende pale. Ndivyo nilivyotaka kuandika. Ila wiki chache baadaye niliigiza mama aliyezamiwa na mwanawe ziwani, bila kitunguu, kwa mabega na pumzi tu, na kina mama wa mstari wa mbele wakaanza kulia kabla yangu. Nyuma ya pazia nikavuta zile pumzi tatu, nikajipangusa uso, nikaenda kula. Uwezo huo wa kulia nimeupata kwa mwalimu yule, siwezi kuukana.

Awamu ya pili imetangazwa. Pesa ninayo. Akiomba radhi kwa lile neno la dagaa, tena mbele ya walewale, nitalipa.