Picha za Ziwa: Wakala wa Mtandaoni au Hoteli ya Mwanza?

Ukipiga picha za Ziwa Victoria, unaweza kuziuza kupitia wakala wa mtandaoni, kama Adobe Stock na Shutterstock, au kuiuzia hoteli ya Mwanza moja kwa moja. Adobe Stock humlipa mpiga picha asilimia 33 ya mauzo. Shutterstock, tangu 2020, hutoa asilimia 15 hadi 40 kulingana na idadi ya picha ulizouza mwaka huo. Januari hesabu hiyo inaanza upya, na hilo linauma. Ila picha moja ya Jiwe la Bismarck, mwamba wa ziwani Mwanza, jua likizama huweza kuuzwa tena na tena. Ukimpiga picha mama anayeanika dagaa, magamba yakimeta vidoleni, uso ukionekana lazima asaini fomu ya ridhaa ndipo iuzwe kwa matangazo.

Hoteli hulipa mara moja tu kwa picha, kwa bei mliyopatana. Mimi ningeanza na hoteli, lakini soma mkataba: wakinunua haki zote za picha, kwa wakala huipeleki tena.