Uzoefu wangu: Mosin-Nagant niliyouziwa kwa maneno “halisi, namba zote zinalingana”

Februari iliyopita nilinunua bunduki ya Mosin-Nagant ya muundo wa 1891/30, silaha ya zamani ya askari wa miguu wa Kisovieti, katika duka la silaha za ziada za kijeshi hapa Minnesota ninakoishi. Nililipa dola 480, na kati ya hizo dola 80 zilikuwa nyongeza ya maneno manne yaliyoandikwa kwenye tangazo: “halisi, namba zote zinalingana”. Namba zilikuwa zikilingana kweli. Ila hazikuwa zimelingana tangu kiwandani, na tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya niandike tathmini hii, kwa kuwa naona Waswahili wenzangu kadhaa huku Marekani wameanza kukusanya silaha hizi na wanalipia maneno yale yale.

Nilikulia Tabora, ambako bunduki ilikuwa ama gobore la mwindaji, ama zile SMG na SAR zilizotajwa katika taarifa za polisi redioni. Sikuwahi kuishika hata moja. Mapenzi yangu kwa silaha za kale yalitokana na kazi yangu ya kukereza vyuma: kila chuma kilichopita mikononi mwa fundi hubaki na alama za chombo chake, na bunduki ya Kisovieti imegongwa chapa nyingi kuliko kifaa chochote kingine nilichowahi kukifungua.

Baada ya kujaza fomu ya serikali na kufanyiwa uchunguzi wa rekodi, niliichukua ikiwa bado imepakwa ile grisi nzito ya ghalani. Ilinichukua jioni mbili kuiosha. Grisi ilipotoka, chapa za juu ya mtutu, pale unapoungana na mwili wa bunduki (kile chuma cha katikati kinachoshikilia mtutu), zilisomeka vizuri: pembetatu yenye mshale ndani, mwaka 1932, na herufi ndogo ya Kirusi “г” yenye nukta, ambayo ni kifupi cha neno la Kirusi la “mwaka” na ambayo wanunuzi wengi wapya hudhani ni sehemu ya namba. Pembetatu yenye mshale ni chapa ya kiwanda cha Izhevsk. Laiti ingekuwa nyota yenye mshale, ingekuwa ya Tula, kiwanda cha pili kikubwa kilichotengeneza bunduki hizi enzi za Kisovieti. Hadi hapo muuzaji hakuwa amekosea, wala umbo la mwili wa bunduki halikumkanusha: una kingo bapa zenye pembe, kama ilivyokuwa desturi hadi katikati ya miaka ya 1930, kabla viwanda havijahamia kwenye umbo la mviringo ambalo huchongwa kwa haraka na kwa gharama ndogo.

Nakiri kwamba mimi hupendelea hizi zenye pembe. Zile za mviringo za miaka ya 1942 na 1943, ambazo Izhevsk ilizitoa kwa wingi wakati nchi ikipigania uhai wake, huwa na mikwaruzo ya chombo cha kukereza iliyoachwa wazi bila kusuguliwa, kwa sababu hapakuwa na muda wa kusugua mahali pasipohusu upigaji. Wapo wanaozidharau kwa ukwaruzo huo. Fundi wa vyuma hawezi kuzidharau, maana anaona jinsi kila dakika iliyookolewa ilivyochaguliwa kwa akili: sehemu zinazobeba nguvu ya risasi zimechongwa sawasawa, na kilichoachwa ghafi ni sura ya nje tu.

Sasa nije kwenye namba, ambako ndiko fedha zangu zilikokwenda. Namba ya Mosin hutafutwa mahali pane: kwenye mtutu, kwenye bolti (komeo la chuma lenye mpini linalofunga nyuma ya mtutu), kwenye kifuniko cha chini cha magazini, yaani kisanduku cha risasi, na kwenye bamba la chuma la kitako. Yangu ilikuwa na namba moja mahali pote pane. Niliwasha taa, nikachukua lenzi, na sikuhitaji hata robo saa. Tarakimu za mtutu zilikuwa na kingo zilizolainika kwa kushikwa na kufutwa miaka mingi, ilhali za bolti zilikuwa na kingo kali na umbo jingine la tarakimu, kama maandishi ya mikono miwili. Kwenye kifuniko cha magazini mambo yalikuwa wazi zaidi, kwa sababu namba ya zamani ilikuwa bado ipo, imepigwa mstari mmoja katikati, na namba mpya ikagongwa chini yake. Bamba la kitako lilikuwa limesagwa kidogo kabla ya kugongwa upya, na bonde hilo dogo huhisiwa hata kwa kidole. Hatimaye, kwenye ubao wa kitako, chini ya vanishi yenye wekundu, nikaiona chapa iliyomaliza ubishi: mraba mdogo uliokatwa na mstari wa mshazari.

Mraba huo ni chapa ya karakana za jeshi zilizozifanyia bunduki hizi matengenezo makubwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Bunduki zilizorudi kutoka vitani zilifumuliwa, vipande vikasafishwa na kukaguliwa, vilivyochakaa vikatupwa, kisha bunduki zikaunganishwa upya kwa vipande vilivyofaa bila kujali kila kimoja kilitoka wapi. Baada ya hapo vipande vikapewa namba ya mtutu, ama kwa kugongwa ama kwa kuchorwa kwa kalamu ya umeme, mbao zikapakwa vanishi upya, na silaha ikafungiwa ghalani kungoja vita vingine. Karakana haikumdanganya mtu. Iliacha namba ya zamani ikisomeka chini ya mstari, ikagonga chapa yake palipo wazi, na ikaeleza kwa lugha yake kwamba kifaa hiki kimetengenezwa upya. Anayekosea ni mfanyabiashara wa leo anayeichukua kazi hiyo na kuiita “halisi”, kana kwamba namba zilikwenda pamoja kutoka Izhevsk mwaka 1932.

Nilimpigia muuzaji simu nikamwambia, “Mzee, namba zinalingana, ila zimelinganishwa.” Mwanzoni alishikilia kwamba namba ni namba. Nilimtumia picha tano, ikiwemo ya mstari ule juu ya kifuniko cha magazini, na siku mbili baadaye akanirudishia dola 60, pamoja na ahadi ya kubadilisha maneno ya tangazo. Kwa uungwana huo nampa haki yake. Kwa tangazo lenyewe siwezi, kwa sababu mtu aliyeshika bunduki hizi kwa mamia anaujua mraba uliokatwa kabla hajaiinua bunduki mezani.

Alinipa pia nafasi ya kuirudisha, na nilikuwa nimekwisha kuelekea huko, hadi nilipofungua skrubu mbili zinazoshikilia chuma ndani ya mbao. Nyuma ya kifyatulio, mwili wa bunduki una mkia wa chuma ambao upande wake wa chini hauonekani hadi mbao ziondolewe, na hapo wakusanyaji hutafuta mwaka wa mwili wenyewe, ambao si lazima uwe mwaka wa mtutu. Wangu ulikuwa na chapa ya upinde na mshale, alama ya Izhevsk ya enzi za mfalme, na mwaka 1916. Mwili huu ulichongwa wakati Nicholas II angali kwenye kiti chake, ukabeba bunduki ndefu ya muundo wa 1891, ukapita mapinduzi, kisha mwaka 1932 ukafungiwa mtutu mpya mfupi zaidi. Hata vipimo vilibadilika juu ya chuma kile kile: kilenga shabaha cha bunduki ya mfalme kilihesabu umbali kwa arshini, kipimo cha Kirusi cha sentimita 71 na kidogo, ilhali hiki kilichopo sasa kimeandikwa kwa mita hadi alama ya 20, yaani mita 2,000. Muuzaji aliyenitoza nyongeza kwa ajili ya namba zilizogongwa upya hakujua kwamba ndani ya mbao mlikuwa na jambo la thamani zaidi, kwa kuwa hakuwahi kuzifungua.

Vifaa vilivyokuja nayo vilinifurahisha bila masharti. Kopo la mafuta lenye midomo miwili limegongwa herufi Щ upande mmoja na Н upande wa pili. La kwanza ni la maji ya magadi ya kuoshea chumvi inayoachwa na fataki za risasi za zamani, la pili ni la mafuta. Singe yake ndefu yenye kingo nne haina namba ya bunduki, na sikutarajia iwe nayo. Chapa ya mwagizaji, ambayo sheria ya Marekani inaitaka, imechongwa ndogo karibu na mdomo wa mtutu, na haichukizi. Nimewahi kuona nyingine zilizochorwa ubavuni kwa maandishi makubwa kama tangazo la dukani, na ningelipa zaidi kuikwepa hiyo kuliko nilivyolipia namba.

Anayetaka kununua na asikilize pia maneno mengine yanayopandisha bei. Herufi SA ndani ya kisanduku ni chapa ya jeshi la Ufini, ambalo liliteka Mosin nyingi katika Vita vya Majira ya Baridi vya 1939 na 1940 na kuzitengeneza kwa uangalifu, na hiyo bei yake kubwa naiona ya haki. Karabini ya M44, yaani Mosin fupi, hutambulika kwa singe yake inayokunjwa ubavuni, na ile ya mwaka 1938 kwa kutokuwa na singe kabisa. Hapo si rahisi kudanganywa. Penye hatari kubwa ni neno “mdunguaji”. Bunduki ya mdunguaji yenye darubini ya PU ilitobolewa matundu upande wa kushoto wa mwili na ikapewa bolti ya mpini uliopindwa chini, kwa kuwa mpini ulionyooka ungegonga darubini. Nyingi zilirudishwa baada ya vita kuwa bunduki za kawaida, matundu yakazibwa kwa skrubu na kusuguliwa, na duara za viraka hivyo zikabaki zikionekana chini ya rangi ya chuma. Mtu akikuonyesha darubini inayong'aa juu ya bunduki ambayo matundu yake yana kingo mpya na nyeupe, hiyo imetobolewa juzi.

Kwa bunduki yenyewe natoa nyota tano, kwa kifurushi nne, na kwa tangazo mbili. Nimeiandika katika daftari langu kwa miaka yake mitatu: mwili 1916, mtutu 1932, matengenezo baada ya vita. Imebaki kwangu, na mraba uliokatwa sijausugua.