Huduma Centre na lile koti la kitini

Mkenya akiulizwa kuhusu mfanyakazi wa serikali, aghalabu atakutajia koti lililotundikwa kwenye kiti kitupu, mwenyewe akiwa ametoka kidogo tangu asubuhi. Taswira hiyo ndiyo niliyoingia nayo Huduma Centre, mpango ulioanzishwa mwaka 2013 ili kukusanya chini ya paa moja huduma ambazo awali zilimtembeza mwananchi mji mzima. Hapa unapewa tikiti yenye nambari, na ukiitwa unamkuta mhudumu dirishani. Aliyechukua alama za vidole vyangu kwa ajili ya cheti cha mwenendo mwema alinielekeza kidole baada ya kidole bila kunikemea, kisha akanipa karatasi ya kufutia wino. Uzuri wenyewe, kwa maoni yangu, hautokani na tabasamu bali na mpangilio: malipo hufanywa kupitia eCitizen, tovuti ya serikali ya huduma, hivyo nafasi ya kudai chai, yaani hongo, hupungua sana. Hata hivyo, wepesi wa kaunta hauharakishi cheti, ambacho hutolewa na idara ya upelelezi, na mtandao ukikatika hata mhudumu mwadilifu hulazimika kukuambia urudi kesho. Nenda mapema, ukiwa umechapisha fomu na ankara yako.