Soda ashi na chaja ya betri kwa jambia lililoliwa na kutu: uzoefu wangu

Kwa jambia la zamani ambalo kutu imeshaota magamba, sijaona kinachoishinda soda ashi ikisaidiwa na chaja ya betri ya volti 12: jambia unalilowesha kwenye maji ya soda, na umeme wa chaja unaibandua kutu. Siki hula kutu pamoja na chuma kizima kilicho kando yake. Grainda ni mbaya zaidi: diski ikishapita juu ya mgongo wa kati wa ubapa, umbo la fundi wa kwanza limekwenda na halirudi. Nyota nne kati ya tano.

Nairobi, soda ashi iko kwenye maduka ya malighafi ya sabuni ya maji, palepale inapouzwa ungarol, ile dawa ya kutoa povu la sabuni. Chukua unga mweupe uliosafishwa. Magadi ya kulainishia githeri yaache jikoni, kwa sababu yana chumvi, na chumvi ikijificha ndani ya vishimo huamsha kutu upya hata chini ya nta. Gramu 50 kwa lita 10 za maji zinatosha, kwenye ndoo ya plastiki. Ukizidisha unapandisha ampea tu.

Chaja iwe ya kizamani, ile nzito yenye transfoma. Hizi mpya hazitoi umeme mpaka zihisi betri, kwa hiyo ukizibana kwenye jambia zinanyamaza, na watu huilaumu soda bure. Ukiikosa Kirinyaga Road, pawa saplai ya kurekebisha volti na ampea kutoka Luthuli Avenue ni bora hata zaidi.

Kabla ya kulowesha chochote, pitisha sumaku ubapa mzima. Pale inaposhika kwa nguvu kuna chuma. Ikiteleza bila kushika, kutu ndiyo inayoshikilia umbo, na umeme utaliacha jambia vipande. Lenye nakshi ya dhahabu au fedha kwenye ubapa nalo usilitie humu, maana nakshi inaweza kubanduka.

Mpini wa pembe au mti usiguse maji ya soda, na usiung'oe kwa nguvu. Ning'iniza jambia ncha chini, maji yaishie vidole viwili kabla ya mpini. Kwenye ile sehemu kavu sugua doa dogo mpaka ling'ae, ubane klipu hasi hapo. Chanya iende kwenye vipande viwili vya nondo, kimoja kila upande, maana upande usioitazama nondo husafishika kidogo sana. Ukigeuza nyaya, jambia ndilo litakaloliwa. Badala ya nondo usiweke chuma cha pua kamwe: hutoa kromiamu yenye sumu kwenye maji. Klipu ya chanya nayo ibaki juu ya maji.

Ampea 1 hadi 2 zinatosha. Viputo vidogo vitapanda kutoka kwenye ubapa. Hiyo ni haidrojeni, na inashika moto. Fanyia kazi nje au kwenye baraza, mbali na jiko la gesi, na uzime swichi ya ukutani kabla ya kugusa klipu yoyote. Povu la kahawia likijaa na ampea zikishuka, toa nondo uzikwangue.

Magamba mekundu hugeuka matope meusi yanayotoka kwa mswaki. Hapo haraka inahitajika: suuza, mwagia maji ya moto, kausha kwa hewa ya moto, pangusa kwa spiriti. Ukichelewa dakika chache tu, unjano wa kutu mpya unaonekana. Weusi uliosalia hutoka kwa stilwuli (nyuzi laini za chuma za kusugulia) namba 0000 na mafuta mepesi, na ule ukanda ulioachwa karibu na mpini husuguliwa vivyo hivyo. Futa mafuta yote, kisha paka nta.

Nyota ya tano nimeinyima kwa sababu ya huo msuguo wa mwisho, unaochosha, na kwa sababu vishimo havijai. Soda haiumbi chuma kilichokwisha kuliwa.

Usilirudishe jambia kwenye ala yake ya ngozi. Ngozi hushika unyevu. Na ukishuku mpini ni pembe ya kifaru, waulize KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kabla hujafikiria kuuza, kwa sababu chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013 hata kuwa nayo bila kibali ni kosa.