Stika ya i7 ilivyonidanganya: uzoefu wangu wa kununua kompyuta ya nyumbani

Kompyuta yetu ya kwanza ya nyumbani niliichagua kwa nembo iliyokuwa mgongoni mwake. Jina kubwa, umbo jembamba, na stika ya i7, jina la prosesa (ubongo wa kompyuta) za daraja la juu za Intel, pembeni mwa kibodi. Nikajiambia i7 ni i7, basi. Haikuchukua muda kila mtu nyumbani akawa anaiwasha kisha anakwenda kuoga, akirudi ndiyo kwanza inafunguka.

Prosesa ilikuwa i7-7500U, yenye kori mbili tu, yaani sehemu mbili za kufanyia kazi. i5-8250U iliyotoka 2017, mwaka mmoja baada yake, ina kori nne. Kumbe kizazi kinasomwa kwenye tarakimu zinazofuata kistari, na ile U ya mwisho ni alama ya prosesa inayobana umeme. Hayo niliyajua nikiwa nimeshalipa.

Lakini kilichotutesa hasa ni diski ya kuzunguka, mizunguko 5,400 kwa dakika, pamoja na RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi zinazoendelea) ya GB 4 iliyochomelewa kwenye ubao mama. RAM ikijaa, Windows inahamishia sehemu ya mzigo kwenye diski, na diski ndiyo kobe mwenyewe. Nilipoitoa nikaweka SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, mashine ikapumua. RAM haikuwa na pa kuongezea. Windows 11 ilipotoka 2021, prosesa yetu haikuwamo kwenye orodha ya zinazokubalika.

Mara ya pili nikaandika kwanza ninachotaka, bila jina la kampuni yoyote: SSD ya NVMe (aina ya kasi zaidi), RAM yenye nafasi ya kuongeza, kioo cha IPS (kinachoonekana vizuri hata kwa upande) cha pikseli 1920 kwa 1080. Nikaanza kulinganisha. Kilichonishangaza ni kwamba jina moja la modeli linabeba mashine tofauti kabisa. Nje zinafanana kama mapacha. Ndani moja ina kioo kizuri, nyingine ina cha 1366 kwa 768 kinachofifia ukikiangalia kwa upande. Tofauti imefichwa kwenye herufi na namba za mwisho za modeli, zile ambazo muuzaji hazitaji.

Nikaishia kwenye i5-1235U, kori kumi: mbili za nguvu, nane za kubana umeme. Ilikuja na GB 8 kwenye sloti moja, ya pili tupu. Nikaongeza GB 8 nyingine mwenyewe, kazi ya bisibisi na subira. Sikupata nafasi tu. RAM mbili zinafanya kazi kwa njia mbili sambamba, na kwa kuwa grafiki za ndani (sehemu ya prosesa inayochora picha) zinaazima RAM hiyohiyo, gemu la mwanangu likaacha kukatakata.

Inawaka upesi. Madirisha ishirini ya kivinjari, mkutano wa video na kazi za shule vyote vinakwenda pamoja, na feni inasikika kwa nadra. Spika ni dhaifu, kamera ni ya kuvumilia.

Tatizo ni kwamba karatasi ya sifa haisemi bawaba itakaza kwa muda gani. Ile ya zamani, pamoja na uzembe wake wote, kioo chake kinasimama pale unapokiacha. Hii mpya nikiiweka mapajani nikachapa kwa haraka, kioo kinatikisika.